Watoto Wawili wa Jina Moja

Mwanzoni mwa miaka ya themanini niliajiriwa kutembelea nyumba za Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, kwa ajili ya utafiti wa surua. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikipanga chumba kimoja Kawangware. Watu waliniita sista, ingawa sikuwahi kusomea uuguzi. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha, baadaye nikaacha.

Kliniki za mitaani zilikuwa na kadi za watoto waliopimwa uzito na kuchanjwa. Hospitali mjini ilikuwa na faili za watoto waliolazwa. Kadi na faili hazikuwahi kukutana. Daktari aliyetuongoza alitaka kujua kama chanjo iliwakinga watoto wa mitaa yetu, na hakukuwa na njia nyingine ila kutafuta kadi ya mtoto na faili yake, kuziunganisha, kisha mtu aende nyumbani kwao kuhakikisha kwamba ni mtoto yule yule. Kazi hiyo ya kwenda ilikuwa yangu.

Kilichotusumbua ni majina. Mtoto alikuwa na jina la ubatizo, akawa na la nyumbani, na pengine la marehemu fulani wa ukoo. Karani wa hospitali, foleni ikiwa imefika nje, aliandika jina la ubatizo la mtoto na la baba yake, basi, akamwita anayefuata. Majina ya ubatizo hayana kabila. Mjaluo wa Laini Saba, kule Kibera, na Mkikuyu wa Kawangware waliweza kutoka kanisani na jina moja, na baba zao pia.

Asubuhi moja nilitumwa Kawangware, kwenye ploti ya bibi mmoja mwenye vyumba vya mabati vya kupangisha. Makaratasi yetu yalisema mjukuu wake wa kike alifariki wodini miaka mitatu nyuma. Kwenye nyumba za namna hiyo tulikuwa tumeagizwa kuanza na pole. Nilimkuta akichagua maharagwe kwenye ungo. Nikamsalimia, nikakaa kigodani, nikamwambia, nikimwita bibi kwa Kikikuyu, "Pole sana, cucu, kwa kumpoteza mjukuu wako." Nikamtaja msichana kwa jina.

Mikono yake ikasimama. "Nani amekwambia?"

"Tumepata habari hospitalini, cucu."

"Leo? Amekufa leo?"

Akainuka, maharagwe yakamwagika, akaanza kuita jina lile kwa sauti ambayo bado naisikia. Wapangaji wakatoka milangoni. Kutoka nyuma ya nyumba akaja mbio msichana wa miaka kama sita, mikono imejaa povu la sabuni, akiuliza amefanya nini. Bibi akamshika mabega, akamtazama usoni, akamtemea mate ya baraka kifuani, akamkumbatia mpaka mtoto akaanza kulalamika.

Bibi alipotulia hakunifukuza. Alinipa maji, kisha akasema, "Usirudie neno hilo kwangu tena. Mtoto aliye hai haliliwi."

"Nisamehe, cucu. Ni makosa ya makaratasi."

"Kulazwa alilazwa. Mama yake alikuwa kazini kwa Wahindi, mimi ndiye niliyekuwa naenda kumwona." Akaanza kuokota maharagwe. "Kitanda cha pili kulikuwa na mwingine wa jina lake. Nesi akiita, wote wawili walikuwa wanageuka. Siku nilipokwenda kumchukua wangu, kitanda kile kilikuwa kitupu. Sikuuliza. Nani anauliza, mahali kama pale?"

Nilirudi ofisini na maneno hayo. Daktari akatoa kadi na faili upya, akazipanga mezani. Kulikuwa na kadi moja ya kliniki ya Kibera, ya msichana wa Laini Saba, ambayo tulikuwa tumeiunganisha na faili ya mtoto aliyepona akaruhusiwa. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Nenda Laini Saba," akaniambia. "Lakini usiende na pole. Uliza tu mtoto yuko wapi."

Mama wa Laini Saba alikuwa akianika nguo karibu na reli, mtoto wa miaka mitatu akimshika sketi. Nikamwambia natoka kwenye utafiti wa surua, nimekuja kumuulizia binti yake.

"Yule tulishamzika, sista," akasema. "Alikwenda na surua. Karatasi zenu hazijui?"

Alinitazama machoni, nami sikuweza kumdanganya. "Zinasema alipona, akaruhusiwa kwenda nyumbani."

Akaibana nguo aliyokuwa nayo kifuani, maji yakamchirizika.

"Nyumbani kwa nani?"

Nikamweleza habari ya majina mawili na vitanda viwili. Nilidhani maelezo yangemtuliza. Badala yake alikaa chini, akaanza kunieleza upande wake. Wakati ule alikuwa amejifungua huyu mdogo, wala hakuweza kufika hospitalini. Mumewe ndiye aliyeitwa, ndiye aliyeonyeshwa mwili, na yeye na ndugu zake ndio waliozika, makaburi ya Lang'ata, kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kumsafirisha mpaka kwao ziwani. "Mimi sikumwona. Uso ulikuwa umevimba, ndivyo alivyoniambia. Sasa wewe unaniambia kuna mwingine wa jina lake, na yuko hai."

"Yule ni mtoto wa watu, mama. Bibi yake anamjua."

"Na mimi namjua wangu. Nipeleke nimwone."

Daktari alikataa. Alisema habari za nyumba moja hatuna ruhusa kuzipeleka nyumba nyingine, na alisema kweli. Lakini hakunikataza kumuuliza bibi mwenyewe, nami jioni ile nikaenda kumuuliza. Alisikiliza mpaka mwisho, huku akipangusa macho kwa ncha ya leso.

"Mwache aje," akasema. "Ningekuwa mimi, ningekuja bila kuitwa."

Jumamosi tukatoka Laini Saba kwa miguu, tukavuka Ngong Road. Mume alikuja pia, kibarua wa viwanda vya Industrial Area, mtu mrefu aliyetembea nyuma yetu. Njiani mkewe hakugeuka kumtazama hata mara moja.

Bibi alikuwa amemvisha mjukuu gauni la kanisani. Akamwambia, "Salimia wageni." Msichana akanyoosha mkono. Mama yule akaupokea, akapiga magoti wawe sawa kwa kimo, akamtazama paji la uso, masikio, kidevu. Mtoto akatabasamu kwa haya. Alikuwa na mwanya mbele, sawasawa na ule wa bibi yake.

"Si wangu," mama akasema taratibu, kwa Kiswahili, ili sote tusikie. Kisha akauachia ule mkono na kulia. Hakulia kwa kelele. Alilia akiwa vile vile magotini, na bibi akaketi chini kando yake, akamwekea mkono mgongoni. Msichana akapelekwa kwa jirani.

Mume alibaki amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Nilimtazama vizuri siku ile," akasema. "Niliwaambia wamfunue. Nilimtazama vizuri." Aliyarudia maneno hayo mara kadhaa, bila kumwambia mtu yeyote hasa. Mkewe akainua uso, akamwambia jambo kwa Kijaluo. Sikulielewa, wala sikuomba kutafsiriwa. Mume akaingia, akakaa karibu naye.

Ofisini tulizitenganisha zile kadi na faili zisizo zake. Tangu hapo nilitakiwa kuuliza pia jina la nyumbani na jina la bibi wa mtoto, na kadi nyingi tulizokuwa tumeziunganisha zikafunguliwa tena, nyingine zisipate faili zake kamwe. Wenzangu walinung'unika kwamba kazi inarudi nyuma. Daktari alisema ni heri mtoto abaki bila jibu kuliko kupewa la mwenzake.

Mwezi uliofuata mama yule aliniomba niwasindikize Lang'ata. Hakuwahi kufika huko. Bibi alipata habari, akaja pia. Kibao alichosimamisha mume hakikuwepo tena, na nyasi zilikuwa zimefunika kila kitu. Mume akatembea huku na huku baina ya vilima vidogo, akarudi, akapima kwa macho kutoka kwenye njia, mwisho akasema, "Ni hapa. Au ni huyu wa pembeni."

"Basi tutawaombea wote wawili," mkewe akasema.

Bibi akaomba kwa Kikikuyu, maombi marefu. Mama hakuyaelewa, lakini kila bibi alipopumua aliitikia amina. Kisha mama akainama, akaanza kung'oa nyasi, na sote tukainama kumsaidia.