Vigelegele vya Mpimaji Kahawa

Kila likizo, kijana aliyepima kahawa shambani Ruiru alisimama kwenye ukungu, vidole vikinata utamu wa buni, midomo ikinong'ona masomo. Ukimsalimu, aliitika ukiwa umeshapita, kama mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Wakonyo, mchumaji, alimcheka waziwazi miaka ile alipokuwa akivuta mkia kidato cha kwanza na cha pili. "Huyu ni wa kupima debe mpaka azeeke," alisema. Asubuhi habari ilipofika kwamba Makerere imemchukua, kijana alikuwa palepale, akisawazisha debe kwa kiganja. Wakonyo akatua kikapu, akapiga kigelegele. Wanawake wakaendeleza mpaka vikatimia vitano, vile vya kumpokea mtoto wa kiume anapozaliwa. Naye, kama mtoto mchanga yeyote, akalia.