Mstari wa Majina ya Ubundu

Wakati wa vita, treni ya Ubundu iliposimama, habari za jamaa wa upande ule zilitufikia kwa fonie tu, ile redio ya kuita na kujibiwa. Ofisi yetu ya parokia ilikuwa nayo, pamoja na kompyuta moja iliyowashwa kwa jenereta kwa muda wa saa mbili tu kila siku. Mimi, msichana niliyejifunza JavaScript katika kitabu kisicho na jalada, nilitengeneza ukurasa wa majina ya wanaotafutwa.

Kila jina lilihitaji hali yake. Namna yake ni rahisi, usiiogope: andika swali, weka alama ya kuuliza, kisha neno la ndiyo, nukta mbili, na neno la hapana. Hapa swali ni jibu la Ubundu, nililoliandika true kwa ndiyo au false kwa hapana:

jibu ? "Amepatikana" : "Hakupatikana"

Mstari mmoja tu, na orodha nzima ikajaa. Nilijiona mkubwa.

Asubuhi moja mama muuza kwanga, ule mkate wa muhogo, akaja kumtazama binti yake kwenye orodha. Akasoma, akavua kitambaa cha kichwa.

"Hakupatikana. Donc, basi, mutoto wangu amekufa."

"Mama, ngoja!" Tonton, yaani mjomba, kama tulivyomwita mwendesha fonie, aligeuka na vipokea sauti shingoni. "Ubundu hawajajibu kitu. Tangu juzi iko kelele ya hewa tu. Na wewe, petite, mdogo wangu, kompyuta yako inaua watu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kwa watu wa fonie, kimya si hapana. Kimya maana yake ita tena. Lakini pale jibu lilipokuwa halijaja niliacha nafasi tupu, na JavaScript huhesabu utupu kuwa hapana.

Mama akiwa amesimama pale pale, nikaandika upya, jibu sasa likiwa neno lenyewe, ndiyo au hapana, au nafasi tupu. Upande wa hapana unaruhusiwa kubeba swali jingine. Lisome polepole, kushoto kwenda kulia; alama == huuliza kama ni sawa:

jibu == "ndiyo" ? "Amepatikana" : jibu == "hapana" ? "Hakupatikana" : "Tunaita tena"

Nikafungua ukurasa. Mama akasoma mara mbili, akafunga kitambaa chake, akamgeukia tonton.

"Bon. Ita, basi."

Tonton aliita siku tatu. Ya tatu Ubundu wakajibu, na tonton akanisogezea kiti.

"Petite, andika wewe."

Nikaandika ndiyo, mama akiwa ameegemea bega langu. Nimeandika programu nyingi tangu hapo. Wanafunzi wangu huanza na mstari ule wa "Tunaita tena".