Kidosho na Vitofali vya Mgeni

Hiki nitakachowaandikia hamtakiamini, na wala sitanuna. Hata mimi nilipohadithiwa mara ya kwanza nilicheka, nikafikiri napigwa changa la macho. Ni habari ya mtoto wa miaka mitatu aliyemtoa jasho mtu mwenye shahada mbili, tena bila kuinua kidole. Mwenye shahada hizo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, na zote mbili nazihesabu kuwa zangu. Mimi niliyeishia darasa la saba, na hilo lenyewe nikitazama zaidi dirishani kuliko ubaoni, ndiye niliyembeba mgongoni siku yake ya kwanza ya shule. Alikuwa analia anataka kurudi nyumbani. Ningemwonea huruma, leo tusingekuwa na msomi. Hesabu ni rahisi.

Kazi yake ni kupima makuzi ya watoto wadogo. Si kilo, kilo zina mizani yake. Yeye anaangalia kama mtoto anasema kadiri ya umri wake, kama anaelewa akitumwa, kama vidole vinamtii. Anatembea na begi la bluu lenye picha, mpira, kikombe na vitofali vya mbao vya rangi rangi, ndiyo maana nyumbani tunamwita Dokta Vitofali. Anasema yeye si daktari. Namwambia anyamaze, jina limeshakaa.

Kipimo chenyewe kilitoka nchi za mbali, na kilipofika kilikuwa kama mtu aliyeshuka na koti la baridi kwenye jua kali. Kulikuwa na picha ya lile beseni refu ambalo mtu hulala ndani akaoga. Watoto wakiulizwa ni nini, wanasema mtumbwi. Simu ya mezani yenye waya, mmoja alisema ni pasi, na alikuwa na uhakika kuliko aliyeichora. Basi Dokta Vitofali na wenzake walikaa na kitu hicho miaka miwili. Walitafsiri maneno, wakampa mtu mwingine ayarudishe kwenye lugha yalikotoka waone kama yamefika salama. Wakatupa picha, wakachora nyingine. Wakawauliza akina mama watoto wao wanafanya nini hasa wakiwa nyumbani. Beseni likawa ndoo, simu ikawa ya mkononi. Kazi ilipokwisha alitembea mabega juu, na mimi ya kwangu juu zaidi.

Ndipo akatumwa kwa Kidosho.

Jina hilo la utani alipewa na bibi yake, ambaye ndiye anamlea. Mama yake yuko kiwandani mji mwingine, anakuja mwisho wa mwezi. Bibi ni dobi: chumba kimoja, kibaraza, kamba za nguo zimekatiza ua mzima, na mashati ya watu yamekunjwa juu ya kitanda kwa unadhifu kuliko shati lolote mtakalovaa kesho. Kidosho alikuwa ameshapimwa mara moja kliniki, akaanguka kila mahali. Akianguka tena, nafasi yake ya chekechea hapo jirani inakwenda kwa mwingine, naye anapelekwa kituo cha watoto waliochelewa kukua, ng'ambo ya mji, akae bweni. Mtoto wa miaka mitatu, bweni! Bibi alipoambiwa hivyo, chakula kilimwia kama mchanga mdomoni.

"Shikamoo bibi," mpwa wangu alibisha hodi na begi lake.

"Marahaba, mwanangu. Pita. Huyu hapa, nimemuogesha mara mbili."

Kidosho alikaa mkekani, nywele zimesukwa mpaka nyusi zimepanda. Dokta Vitofali alimwomba bibi akae nyuma na asimsaidie mtoto hata kwa neno moja. Ndivyo mwongozo unavyotaka. Kisha akafungua begi, akamwaga vitofali.

"Kidosho, nijengee mnara."

Kidosho akavitazama vitofali. Akamtazama mgeni. Taratibu akaingiza mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.

"Haya, mpira huu hapa. Nirushie."

Mpira ukabaki pale pale.

"Hii ni picha ya nini, mama?"

Midomo ikabanwa kama mkoba wa bahili. Mpwa wangu anasema bibi alikuwa nyuma pale anakunja na kukunjua shati lile lile. Naye mwenyewe moyo ulikuwa unamuuma, maana alimpenda yule mtoto tangu mlangoni, lakini kupenda hakuna sehemu yake kwenye alama. Sifuri. Sifuri. Sifuri nyingine. Aliziandika akiwa ameinamisha kichwa asionane macho na bibi.

Akaanza kukusanya vitu vyake. Na hapo, katika kuzoa zoa kwa haraka ya mtu anayetaka kuondoka, kitofali kimoja cha njano kikateleza chini ya kitanda. Hakukiona. Alikuwa ameshafunga zipu, ameshasimama, aliposikia mnong'ono nyuma yake.

"Bibi. Bibi! Kitu cha mgeni kimeingia chini ya kitanda, mwambie asikisahau, atagombezwa kwao."

Dokta Vitofali aligeuka kama aliyeitwa na marehemu. Mtoto asiyeweza kutaja picha ya ndoo alikuwa amemaliza sentensi ndefu kuliko baadhi ya zangu, na ndani yake kamwonea huruma mgeni. Lakini hata hapo hakukigusa. Alikuwa anaonyesha kwa kidevu, mikono bado imekaliwa.

Mpwa wangu alichuchumaa. "Bibi, mbona hakigusi?"

"Akiguse?" Bibi alishtuka. "Mwanangu, tangu alfajiri namwambia, mgeni akija na vitu vyake usivishike, usimjibu jibu, tulia, usinitie aibu. Kule kliniki pia nilimwambia hivyo hivyo. Au amekosea?"

Hapo ndipo Dokta Vitofali alipokaa chini mkekani, na sketi yake ya kazini. Miaka miwili walibadilisha kila neno na kila picha, wakamsahau mgeni mwenyewe. Mtu usiyemjua anaingia ndani, anamwaga mali yake mbele yako, halafu anangoja. Mtoto aliyelelewa afanye nini?

"Hajakosea, bibi. Nimekosea mimi. Hebu mwambie wewe kwamba ameruhusiwa."

"Kidosho, mgeni amekupa ucheze."

Kidosho akamkazia macho bibi yake. "Vyote?"

"Vyote."

"Na mpira?"

"Na mpira, we mtoto, usinimalize!"

Mikono ikatoka.

Msifikiri mambo yaliishia hapo. Sifuri zilikuwa zimeshaandikwa, na kipimo hakirudiwi siku hiyo hiyo kwa sababu mpimaji ameguswa. Mkuu wake kazini, mama mmoja mwenye miwani mizito na maneno machache, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nikikuruhusu ubadilishe alama za mtoto uliyempenda," alisema, "kesho mwingine atabadilisha za mtoto wa jirani yake."

"Sijaja kuomba alama, mama. Naomba tubadilishe mwanzo wa kipimo. Mlezi ndiye afungue begi, amkabidhi mtoto vitu, amwambie umepewa. Tujaribu kwa watoto wengi tuone."

"Na kama hakuna tofauti?"

"Basi nitaipeleka barua ya bweni mwenyewe, kwa mkono wangu."

Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Jina la Kidosho akaliweka pembeni, lisipelekwe popote mpaka majibu yaje. Mpwa wangu anasema mpaka leo akimwona mama yule kwenye korido anatamani kumbusu mkono, ila anaogopa.

Wakazunguka. Nyumba hadi nyumba, bibi, mama, shangazi, dada mkubwa, kila mlezi akafungua begi mwenyewe. Watoto waliokuwa sanamu wakageuka vurugu. Mmoja alikataa kurudisha mpira, ikabidi mazungumzo ya amani. Na si kwamba kila mtoto alipanda, la. Kuna mmoja aliruhusiwa, akabembelezwa, na bado hakugeuka akiitwa. Wakampeleka kwa daktari wa masikio, ikaonekana hasikii vizuri, sasa anatibiwa. Mpwa wangu anashukuru kwa ajili ya huyo sawasawa na anavyoshukuru kwa ajili ya Kidosho. Kipimo kikisema kweli, anasema, kinamsaidia anayeweza na asiyeweza. Ananiambia hayo huku anakula kwangu, maana shukrani zake zote huishia kwenye sufuria yangu.

Ikafika siku ya Kidosho kupimwa upya. Mkuu akaja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda katikati ya mashati ya watu. Bibi alifungua zipu.

"Umepewa, mjukuu wangu. Cheza."

Kidosho akataja picha zote, na ile ya ndoo akaongeza kwamba ya kwao imetoboka. Akarusha mpira ukampata mkuu wa kazi kwenye miwani. Kisha akavuta vitofali. Chekechea ilikuwa inangoja pale, na bweni nalo linangoja. Akaweka cha kwanza, cha pili, cha tatu, hapumui mtu. Bibi machozi yameshamfika kidevuni. Mnara ukapanda, ukapita kichwa cha mkuu, ukazipita kamba za nguo, Kidosho akapanda juu ya kitanda, na bado anapandisha tu, mpaka naapa kitofali cha mwisho kikagusa da—

"Mjomba! Dari gani? Begi zima lina vitofali vinane."

Huyo ni yeye, kaja kwa nyuma anasoma begani kwangu, kikombe changu cha chai mkononi mwake.

"Kwani havikutosha?"

"Vilitosha. Alipanga vyote vinane, akaenda chekechea. Andika hivyo."

"Naandika. Ila mimi nilivyoona kwa macho yangu, pale mlango—"

"Mjomba, wewe hukuwepo."

"Sikuwepo, lakini roho yangu ilikuwa imesimama pale pale kando ya mkuu, na kama si mimi kumwambia yule mama avue miwani—"