Bendera Nyekundu ya Babu Yako

Ipo siku moja hunijia kila ninapomwona kijana anafunga begi la safari, na kwa kuwa begi lako, Upendo, limekaa hapa sebuleni kwangu Mikumi tangu jana, wacha nikusimulie. Ilikuwa Jumanne. Ilinyesha ile mvua ya Glasgow isiyojua masika wala vuli, nami nimesimama kwenye ujia wa chuo mbele ya profesa aliyepewa kazi ya kunilea kimasomo. Akaniuliza habari. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha shule, "Nzuri, asante." Mwanangu, nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kusoma barua ya chuo. Ilisema nimeanguka masomo mawili, na nikianguka tena kwenye mtihani wa marudio, narudishwa nyumbani.

Usinicheke bado. Wewe ni mtoto wa mdogo wangu, umekulia Zombo, unajua sisi tunavyosalimiana. Shikamoo itolewe, marahaba iitikiwe, kisha habari za tangu juzi, za nyumbani, za watoto, za shamba. Na jibu la kwanza huwa nzuri, hata kama ndani kuna msiba. Shida haitolewi mlangoni kama takataka. Mwenzako anakuuliza taratibu mpaka anaifikia. Nikiwa mdogo pale Kilosa, alikuja kwetu mzee mmoja asubuhi, suruali imelowa hadi magotini. Baba akamuuliza habari, akasema nzuri. Za nyumbani, nzuri. Za mama watoto, mzima. Mara ya tano ndipo aliposema, "Nzuri, ila nyumba imekwenda na maji." Mto Mkondoa ulikuwa umepita sebuleni kwake alfajiri ile. Hakuna aliyemshangaa, ndivyo ilivyokuwa adabu.

Basi na mimi nilibeba adabu hiyo hadi Uskoti. Nilikwenda kusomea uhandisi wa maji, binti wa mshika bendera wa stesheni, mjukuu wa manamba aliyeletwa kukata mkonge. Mtaa mzima ulinisindikiza hadi kwenye treni. Nikafika kule nikakuta wenzangu wanavichezea vile vyombo vya maabara kama sisi tunavyochezea mwiko, mimi nilikuwa nimeviona kwenye picha ya kitabu tu. Wiki ya tatu nilikuwa nimeshapotea. Mwalimu akizungumza, naandika kila neno, na sielewi hata moja.

Kila Jumanne profesa aliniuliza habari. Nami nilisema nzuri, kisha nikasimama kusubiri swali la pili. Halikuja. Yule profesa alitabasamu, akasema vizuri sana, akaenda zake na makaratasi yake kwapani. Nilimwona hana utu. Niliwaona wote hawana utu, mji mzima wa watu wanaouliza habari huku miguu inatembea. Kwenda kumweleza mwenyewe sikutaka kabisa. Nilijiambia mtu aliyelelewa halalamiki kabla hajaulizwa. Leo nakiri kwamba nusu ya hiyo ilikuwa adabu, na nusu ilikuwa kiburi. Niliona aibu, na nilikuwa na upweke wa kuumiza kifua.

Nyumbani nako niliandika barua za kawaida. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu yangu ni kwenu tu. Baada ya ile barua ya chuo niliandika nyingine, nikajitahidi kuifanya ya furaha kuliko zote. Barua zilichukua wiki nyingi siku hizo, si kama hizi simu zenu. Jibu la baba lilinifikia mwezi mmoja na ushei kabla ya marudio. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na mwandiko wake ulikuwa mkubwa kama wa mtoto wa darasa la pili. Naijua barua ile kwa moyo.

"Mwanangu," aliandika, "umesema u mzima mara tatu. Mtu mzima husema mara moja, kisha huulizia kuku wake. Kuku wako wa madoadoa hukumuulizia. Sasa nisikilize. Reli ikisombwa na maji hapo mbele, na mimi nikaona haya kumsimamisha dereva, nikapeperusha bendera ya kijani, treni ikianguka kosa ni la nani? Dereva hawezi kuona ng'ambo ya kona. Pandisha nyekundu, mwanangu. Treni kusimama si aibu, ndiyo kazi ya bendera."

Nililia, kisha nikanawa uso. Sikuwa na hasira na profesa tena, hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilikuwa nimevua nguo nikabaki ukingoni natetemeka. Nilivaa koti, nikapanda ngazi hadi ofisini kwake, na siku hiyo haikuwa hata Jumanne. Nikagonga. Aliponiuliza habari, sikumpa nafasi ya kutabasamu.

"Si nzuri," nikamwambia. "Sielewi tangu wiki ya tatu, na sitaki kurudi nyumbani."

Alinivutia kiti. Akaniuliza kwa nini nimekaa kimya wakati yeye ameniuliza kila wiki. Nikamjibu kweli tupu, "Kila wiki uliniuliza mara moja tu." Hakunielewa, ikabidi nimweleze habari za kwetu, na yule mzee aliyelowa suruali. Alisikiliza, kalamu mkononi. Alisema kwao kumuuliza mtu mara ya pili ni kumchimba, ndiyo maana alinyamaza, alikuwa akiniheshimu. Mwanangu, sote wawili tulikuwa na adabu, na adabu zetu karibu zinirudishe Kilosa.

Alinipeleka kwa fundi wa maabara, mama mmoja mkali mwenye mikono mikubwa, nikawa naingia kwake kila asubuhi kabla ya vipindi. Nilivunja kipimo kimoja. Nilirudia zoezi moja mara kumi na moja, mpaka yule mama akasema nikilirudia tena atalia yeye. Sikukoma. Kwenye marudio, somo moja nilifaulu vizuri, la pili nilipenya kwa alama ambazo sitakutajia. Nilibaki, nikamaliza, nikarudi nikachimba visima kuanzia Mvumi hadi Kidodi. Na profesa, kila tulipokutana baada ya hapo, aliniuliza habari mara nne, akihesabu kwa vidole, watu wakimtazama.

Sasa nije kwako. Jana ulipoteremka kwenye bodaboda ulinipa shikamoo, nikaitika. Habari za safari, nzuri. Za Zombo, nzuri. Za baba, mzima. Nikakuuliza mara ya nne, habari zako wewe. Ukasema, "Nzuri, shangazi, ila naogopa." Nilifurahi kulisikia hilo kuliko nilivyofurahia barua yako ya ufadhili. Lakini huko Istanbul unakokwenda, mwanangu, sidhani kama kuna atakayefika mara ya nne. Watakuuliza mara moja, na si kwa ubaya.

Kwa hiyo, usisubiri. Anza na ile "ila". Wahenga walisema mficha uchi hazai, na chuo nacho ni uzazi. Wiki ya kwanza ujue mlango wa mwalimu wako uko wapi, uugonge ukiwa bado huna shida, ili siku ya shida mkono uwe umezoea. Jirani wa huko huenda asije kukukaribisha. Toka wewe, jitambulishe, mwulize dukani ni wapi. Asipokuuliza mara ya pili usiseme hana utu, nilisema mimi nikakosea. Shikamoo yako usiitupe, rudi nayo. Na sisi huku usitutumie vile vikatuni vinavyocheka kwenye simu wakati unalia. Nitakupigia kila Jumapili na nitakuuliza mpaka nifike, lakini usinichoshe, mimi ni mzee.

Nenda ukae. Nenda ukasome mpaka wakuchoke. Mungu aliyemvusha babu yangu kwenye mkonge na kunivusha mimi kwenye baridi akutangulie njiani, akupe walimu wenye subira na marafiki wa kweli, aulegeze ulimi wako pale penye haya, akurudishe kwetu ukiwa mzima kwelikweli, si mzima wa barua.

Kitambaa utakachokikuta chini ya kanga zako ni bendera nyekundu ya babu yako. Alistaafu nayo, na sijui kama aliruhusiwa. Sikukupa uitundike ukutani. Ukiona reli imekatika, ipandishe.