Mama Meno na Barua ya Ukurasa Mmoja

Wateja walimwita Mama Meno, naye hakukasirika, maana ndiyo kazi iliyomlisha. Alitengeneza meno ya bandia katika karakana ndogo iliyokuwa juu ya duka la vitasa. Mkono wake haukuwa na mfano: jino la nta alilichonga likafanana na lile lililong'oka, hata na kale kaupande kalikopinda ambako mke wa mteja amekazoea. Yeye mwenyewe alikuwa na mwanya. Tajiri wake, mwenye karakana, aliwahi kujitolea kuuziba bure.

"Uache," alimjibu. "Ndimo yanamopita maneno matamu."

Tajiri huyo alikuwa mgane, mtu mwema lakini mwoga. Akisikia tu king'ora cha polisi barabarani, aligeuka kutazama kama leseni ya karakana ingali ukutani.

Mama Meno alikuwa mgeni katika nchi ile. Maombi yake ya ukaazi yalikuwa yamelala uhamiaji mwaka wa pili sasa, na kwa muda wa kungoja alipewa kadi ya kumruhusu kufanya kazi. Miezi mitatu kabla kadi haijaisha, aliomba nyingine. Akatumiwa barua ya ukurasa mmoja kwamba ombi limepokewa. Kadi yenyewe ikawa kimya.

Jumatatu moja asubuhi alimkuta tajiri mlangoni, nakala ya kadi mkononi.

"Mama, hii imekwisha Ijumaa."

"Najua. Lakini nina barua."

"Barua si kadi. Wakaguzi wakija, tutakwenda na maji wote wawili."

Alimwambia akae nyumbani mpaka kadi mpya ije, na alipokuwa akisema hayo macho yake yalikuwa sakafuni. Mama Meno alivua aproni, akaikunja, akashuka ngazi. Hakulia mpaka alipofika kwake.

Pale nyumbani alikuwapo shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu asiyekosa jibu.

"Kuna fundi ng'ambo ya reli," akasema. "Atakupa kazi kwa mlango wa nyuma. Nani atajua?"

"Nitajua mimi, shemeji. Nimengoja miaka miwili kwa njia iliyonyooka, nije nijiharibie leo? Mvumilivu hula mbivu."

"Nyingine huozea mtini."

Mumewe alicheka, kisha akaomba barua. Waliitandaza mezani, kamusi pembeni, wakaisoma neno kwa neno. Aya ya nne ilisema hivi: aliyeomba kabla kadi yake haijaisha anaruhusiwa kuendelea na kazi ileile mpaka ajibiwe.

Kesho yake akarudi karakanani.

"Sikuombi uniamini," alimwambia tajiri. "Twende uhamiaji ukaulize mwenyewe."

Tajiri alikuna kichwa, kisha akafunga mlango. Tangu amzike mkewe hakuwahi kuufunga siku ya kazi. Huko uhamiaji walichukua namba, wakakaa karibu na mama aliyembeba mtoto mchanga. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Tajiri alijinyoosha mgongo.

"Hivi ndivyo mnavyokaa siku zote?"

"Leo tumebahatika. Kuna viti."

Walipoitwa dirishani, karani alisoma barua, akalinganisha tarehe, akamtazama tajiri.

"Wewe ndiye mwajiri?"

"Ndimi."

"Huyu yuko halali. Aliomba mapema. Weka nakala ya barua hii pamoja na ya kadi ya zamani, umrudishe kazini."

Tajiri aliomba arudiwe maneno hayo, akayaandika nyuma ya kile kikaratasi cha namba. Nje alisimama kando ya ukuta.

"Nilikufukuza bure, Mama. Niwie radhi."

"Hukunifukuza. Uliogopa."

"Uoga wangu ndio uliokuumiza."

"Basi yamekwisha. Twende, kuna watu wanasubiri meno."

Na kweli walimkuta kikongwe mmoja ameketi ngazini, amejiziba mdomo kwa leso, akinung'unika kwamba tangu asubuhi hajaonja kitu kigumu. Mama Meno alifunga aproni, akamshika mkono, akampandisha juu.

Kadi mpya ilifika baada ya wiki saba. Jibu la ukaazi lenyewe halijatoka hadi leo. Kila mwanzo wa mwezi tajiri humuuliza, kama vile anauliza habari za binti yake wa kumzaa:

"Wamejibu?"

"Bado," humjibu bila kuinua macho kutoka kwenye nta, na tajiri huenda kuweka maji ya chai jikoni.