Jozi ya Baba, Kati ya Adelphi na Landover

Sisi tuliolelewa Adelphi, Maryland, miaka ile ya mwisho ya tisini tunakumbuka kwa pua kwanza. Ukiingia kwenye fleti zetu, ghorofa ya chini ilinuka mahindi ya kuchoma ya Wasalvador, ya pili samaki mkavu wa mama mmoja wa Kikongo, na ya tatu udi wa mama yangu, aliouchoma kila Ijumaa mpaka siku moja kengele ya moto ikalia na jengo zima likashuka ngazi, wengine na taulo kiunoni. Tuliruka kamba kwenye maegesho ya magari. Hakuna mama aliyejua mtoto wake yuko wapi, lakini kila mama alijua watoto wa wenzake wako wapi, na hiyo ilitosha. Nyumbani Mombasa tulipiga simu kwa kadi za kukwangua, na Baba alipaza sauti kana kwamba bahari yote ile angeivuka kwa koo lake tu. Mimi nilijibu kila kitu kwa Kiingereza. Mama alikuwa na neno lake: "Kiingereza kiache mlangoni pamoja na viatu." Watoto wa siku hizi mtandao ukikatika kidogo wanataka kuitisha kikao cha ukoo. Sisi tulikatikiwa umeme kwa theluji, tukalala sote sebuleni, na hadi leo tunaiita sikukuu.

Baba yangu aliendesha teksi ya uwanja wa ndege wa Dulles. Jumamosi, akishapumzika, alizunguka Virginia kwenye nyumba ambazo wenyewe wanahama au wamefariki na vitu vyao vimetolewa nje viuzwe. Baba wa wenzangu walirudi na runinga. Wangu alirudi na bastola.

Naona nieleze haraka, maana najua mtu anavyoweza kufikiri. Zilikuwa bastola za kale sana, za mtutu mrefu, zilizotengenezwa mbilimbili kwa ajili ya mabwana waliotukanana na kuamua kumaliza mambo alfajiri, kila mmoja na yake, zikifanana ili asiwepo wa kupendelewa. Ziliwaka kwa fataki, kifuniko kidogo cha shaba unachokivisha chini ya nyundo. Baba hakuwahi kununua hata punje ya baruti. Alichokipenda ni sanduku. Ukilifunua, unakuta kitanda cha mahameli ya kijani kilichochongwa kwa umbo la kila kitu: bastola mbili zimelala kichwa na miguu, mdeki wa kushindilia, kalibu ya kumiminia risasi, kichupa cha baruti. Kila kimoja na shimo lake. "Nyumba iliyopangwa," alikuwa akisema, akitazama kwa jicho la pembeni sebule yetu.

Alikuwa na jozi tatu, na aliyoipenda kupita zote ni ile ya kwanza. Jumapili alitandaza gazeti mezani, akazitoa, akazipaka mafuta kwa kitambaa cha fulana yake kuukuu, nami nikiruhusiwa kushika kibati cha fataki, kitupu. Sheria ya wakusanyaji aliniambia mapema: jozi haitenganishwi. Moja peke yake ni chuma. Mama alipita na sinia lake na kusema, "Watu wazima na akili zao wanauana kwa tusi, na wewe unawatunzia vitu kwenye mahameli."

Sasa kuna desturi ya kwetu Pwani ambayo wengi wenu mliikuta majumbani. Mgeni akisifu kitu chako, unamwambia, "Chukua, ni chako." Naye anajibu, "Kimefika, lakini kikae kwa mwenyewe." Basi. Ni kama salamu na jibu lake. Mama alishawahi kugawa hivyo mapazia, mkufu na hata mimi, na hakuna kilichotoka mlangoni.

Jumapili moja akaja Mzee Wafula wa Landover, mji wa jirani, mtu wa Bungoma, bara magharibi mwa Kenya, aliyefanya kazi kwenye bohari huko. Yeye na Baba walijuana walipokwama kwenye theluji na kusukumiana magari. Alizikuta bastola za ile jozi ya kwanza kwenye gazeti. Sanduku lilikuwa chumbani. Akaokota moja, akaipima mkononi.

"Hii kitu ni safi sana, Baba Rukia. Wazungu walikuwa na mikono."

"Chukua, ndugu yangu, ni yako," Baba akasema, kama alivyosema mara elfu.

Mzee Wafula akaigeuza upande wa pili. Akaitazama, akamtazama Baba, na macho yake yakalowa kidogo. "Kwetu mtu hapewi kitu kama hiki bure," akasema. "Nimeshukuru. Na mbili siwezi kuchukua, hiyo ni tamaa. Wewe baki na moja, mimi nibaki na moja. Sasa sisi ni ndugu kabisa."

Mama, kwa mazoea ya kumfungashia mgeni, akaleta mfuko. Akatia na viazi karai.

Mlango ulipofungwa akamwambia Baba, "Mkimbilie."

"Nimwambie nini? Kwamba nilisema uongo mbele ya mtoto?"

"Mwambie ni maneno tu."

"Kwake si maneno tu. Hukumwona?"

Usiku ule Baba alilifunua sanduku, akaona lile shimo tupu la kijani, akalifunika. Nami nililala nikiwaza kama ile iliyobaki inajua. Nilikuwa mtoto wa kuwaza jambo mpaka lenyewe lichoke.

Hapo ndipo Baba alipoanza kwenda Landover. Alibeba mafuta na kitambaa mfukoni, akisema amekwenda kujulia hali, na kweli alijulia, ila hali ya nani hakusema. Mzee Wafula alikuwa ameitundika kwa misumari miwili juu ya runinga, karibu na kalenda ya kanisa, na mkewe, Mama Nekesa, aliifuta vumbi kwa kitambaa kibichi. Baba alifumba macho kama anayeng'olewa jino. "Shemeji, niachie mimi hiyo," alimwambia. Wenyewe walidhani tunawapenda kupita kiasi. Wakatupenda hivyohivyo. Mama Nekesa akaanza kununua kuku wa halali ili tule kwake bila wasiwasi. Mama akamfundisha pilau, akafundishwa mboga ya mrenda. Mimi na binti yao Nekesa tulikula ugali tukigombania ukoko wa chini ya sufuria, nami nilikaa kuipa mgongo runinga yao, kwa kujua ninachokijua.

Ikaja Idd. Akina Wafula walifika wamevaa vizuri kutushinda wenye sikukuu. Mama, katika kupanga nyumba, alikuwa ameliweka lile sanduku juu ya kabati, na Mzee Wafula, mtu wa kupenda mbao, akalifunua kabla Baba hajainuka.

"Baba Rukia, hii shimo ni ya nini?"

"Pambo tu."

Akapitisha kidole kwenye ukingo wa mahameli, taratibu, kuanzia mpini hadi mdomo wa mtutu. Akachukua funguo, akashuka, tukasikia gari likiondoka. Pilau ikakaa mezani na hakuna aliyethubutu kuigusa. Aliporudi alikuwa nayo chini ya koti. Akailaza kwenye shimo lake, ikaingia bila kusukumwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Nilishasema ni yako."

"Basi nairudisha."

"Zawadi hairudi."

"Na mimi siwezi kukaa na nusu ya kitu cha mtu."

"Na mimi siwezi kumeza neno langu."

Wakasimama pande mbili za meza, wanaume wawili wenye heshima zao, na sanduku limefunguliwa katikati. Nekesa alinishika mkono. Nilikuwa na hakika kwamba huo ndio mwisho wa Landover.

"Mnajifanya kama wale wenye bastola," Mama akasema. "Sanduku zima liende kwa Mama Nekesa. Idd Kubwa lirudi hapa. Krismasi liende tena. Kaeni, wali unapoa."

Mzee Wafula ndiye aliyecheka kwanza. Na ikawa hivyo, miaka na miaka, sanduku likisafiri kwenye kiti cha nyuma limefungwa mkanda kama mtoto.

Akina Wafula walipostaafu walirudi Bungoma, na bastola ni kitu ambacho huwezi kupanda nacho ndege ukaeleza. Sanduku likabaki kwa Baba. Mimi nimemaliza chuo, natafuta kazi Sterling, Virginia, naandika barua pepe ya mistari mitatu na kuisoma mara nane kabla ya kuituma, nisije nikaahidi kitu. Rika letu hatuwezi kuingia kwenye mtego kama wa Baba. Tukipenda kitu cha mtu tunakipiga picha, na kila mmoja anarudi kwake na kilicho chake. Nina majina mengi kwenye simu kuliko watu wote Baba aliowajua maishani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuacha kwangu kitu cha kunilazimisha niende kwake.

Jumapili iliyopita nilimkuta Baba na gazeti lake mezani. Simu iliita, akaiweka kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta.

"Ile yangu iko aje?" Mzee Wafula akauliza kutoka Bungoma.

Baba aliifuta tena ile ya upande wa kushoto, ingawa ilikuwa tayari inang'aa. "Haijambo," akamwambia. "Inakuulizia."