Nilipowaonyesha Mwisho wa Maji

Wapima ardhi walipokuja ufuoni kwetu Bofu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, walihitaji mtu wa kushika fito. Ilikuwa fito ndefu ya rangi nyekundu na nyeupe, na kazi yangu ilikuwa kuisimamisha wima huku bwana mpima akiichungulia kwa darubini yake ya miguu mitatu. Nimesoma mpaka darasa la saba tu. Kusimama karibu na watu wenye ramani kulinivimbisha kichwa, na sikuliona hilo kwa wakati ule.

Mpango wenyewe tuliujua sote. Bandari ilikuwa imejaa, meli zikingoja nje siku nyingi. Basi upande wetu wa Likoni ungefyekwa mikoko, bahari ifukiwe kwa mawe na kifusi, na juu yake zijengwe gati na maghala, na barabara ya ufuoni yenye viti vya watu kupunga upepo. Ramani ilibandikwa ofisini kwa chifu. Bahari ilipakwa buluu, na nchi mpya iliyotarajiwa kutoka majini ilipakwa manjano.

Shamba la shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, lilishuka mpaka kwenye mikoko hiyo. Alikuwa na minazi na muhogo kidogo, na chini kabisa palikuwa na kaburi la mumewe, kwa kuwa ukoo wetu ulizika mashambani. Kila Ijumaa asubuhi alishuka na kikombe cha maji na majani ya mrehani, akasoma Yasini, akang'oa magugu, akarudi. Alikwisha kutuambia wote kwamba naye azikwe pale, ubavuni pa mumewe.

Siku ya kutia vigingi bahari ilikuwa maji mafu, zile siku ambazo haijai sana wala haipwi sana, kwa hiyo hapakuwa na cha kuona. Mpima, mtu wa bara, akaniuliza maji hufika wapi, mwisho kabisa.

Mtu wa pwani akiulizwa hivyo huuliza kwanza: maji gani? Maji ya kila siku yaliishia kwenye mizizi ya mikoko. Ya bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, yalipanda mpaka mchangani, bila kulifikia kaburi. Na mara moja tu, nilipokuwa mtoto, bamvua ilikutana na mvua ya masika na upepo mkali, maji yakapita pale palipo kaburi, yakagusa minazi, yakakaa kiasi cha kuchemsha chai, yakarudi. Sikumuuliza maji gani. Nilipanda shambani kwa shangazi, nikasimama chini ya mnazi, nikasema, "Hapa."

Ningeweza kuandika kwamba nilidhani pakisemwa pana maji mengi hawatapagusa. Si kweli. Nilitaka nionekane najua. Mpima alinipiga bega, akasema mwenyeji ni mwenyeji, na kigingi kikapigwa pale pale.

Baada ya miezi kadhaa tukaitwa barazani. Ofisa mmoja akatueleza, kwa sauti ya upole, kwamba chini ya vigingi ni bahari, na bahari ni ya serikali. Walioko juu watalipwa fidia na makaburi yao yatahamishwa kwa heshima. Walioko chini hawana dai, kwani baharini hakuna makaburi.

Jirani yetu mmoja, mvuvi, akasema basi yeye ametupa umri wake bure kwenda na mtumbwi, angalikaa tu chini ya mnazi wa bibi huyu akavua samaki changu. Watu wakacheka. Ofisa naye akacheka kidogo, akasema mpaka ule hawakuubuni wao, walionyeshwa na mwenyeji.

Shangazi akasimama, akalikaza buibui lake, akanitafuta kwa macho.

"Mwanangu."

"Labeka, shangazi."

"Wewe ulikuwa nao. Hebu waambie maji yafika wapi."

Hakuwa akinishuku. Alikuwa ameniita niwe shahidi wake. Mpima alikuwa ameketi mbele, na juzi yake alikuwa ameniahidi kazi ya kusimamia malori kifusi kitakapoanza kuletwa. Neno moja lingetosha: kwamba nilionyesha maji ya siku moja katika maisha yangu yote.

"Wataalamu ndio waliopima, shangazi," nikasema. "Mimi nilishika fito tu."

Akanitazama kidogo. "Haya, baba," akasema, akaketi.

Malori yalikuja, na kazi niliipata. Nilisimama na bendera nikiwaonyesha madereva pa kumwaga, na wiki ya pili nikawaonyesha pale kaburini. Shangazi hakuja kutazama. Alikuwa amekwisha kuchukuliwa na bintiye kwenda kukaa Jomvu Kuu, na huko alisoma Yasini yake uani, ameelekea upande wowote, kwa kuwa hapakuwa tena na mahali pa kuelekea.

Alifariki baada ya miaka minne. Tulimzika Jomvu Kuu, kati ya watu asiowajua. Mwili wa mwanamke hupokewa kaburini na maharimu wake, yaani ndugu wa kiume asioweza kuolewa nao, na wanaume wa ukoo waliobaki walikuwa wazee, wakaniita mimi. Nilishuka. Nilimpokea upande wa kichwa, akiwa mwepesi mno, nikamlaza ubavu kuelekea kibla. Nilikawia humo nikimsawazishia udongo chini ya shavu, ikabidi wanishike mikono kunivuta, na watu wakasema alimpenda sana shangazi yake.

Siku ya tatu, watu wa matanga walipopungua, nilimfuata bintiye jikoni nikamweleza yote, tangu mnazi mpaka bendera. Alikuwa akisuuza vikombe, na hakuacha.

"Mama alikuuliza mbele za watu," akasema. "Mie sikukuuliza. Waniambia mie nikufanyie nini?"

Akanipa sinia ya vikombe niwapelekee wanaume barazani, nikaipokea, nikaipeleka.